Jinsi ya kupata saluni utakayodumu nayo (na wenye saluni, jinsi ya kumfanya mteja arudi)

Kila ikifika tarehe 25 simu yangu inaanza. "Da, nitajie saluni nzuri maeneo ya Sinza." "Anti, msusi wangu kahamia Mbeya, nifanyeje?" "Mbona nywele zangu za mbele zinaisha?" Nimesuka watu miaka 11 sasa, nilianzia chini ya mwembe kwetu Tandika mteja kakaa kwenye kigoda, nikaja kukodi kiti kwenye saluni ya mtu, saivi nina kachumba kangu ka viti 3, na majibu ninayotoa ni yale yale mpaka mate yananikauka. Kwa hiyo nimeyaandika, nikiulizwa tena natuma tu.

Jina la saluni sikutajii, na si uchoyo. Saluni iliyomfaa shosti yako inaweza isikufae kabisa kwa sababu kichwa chake si chako, afu mara nyingi mtu akisifia saluni anamsifia mtu mmoja tu mle ndani, siku huyo akiondoka na mkoba wake wa vitana panabaki bango na vioo. Ninachotaka ujue ni namna ya kumtambua msusi anayeweza kukukatalia. Yaani akushike kichwa, akuangalie kwenye kioo, akwambie "dada huu msuko leo sikusuki". Huyo ukimpata mshike, wako wachache.

Uwe na nini kabla hujatoka nyumbani

- Picha ya msuko unaoutaka, NA picha za kichwa chako kilivyo sasa hivi: mbele, pembeni zote mbili na kisogoni. Hizi za pili watu hawapigi kabisa afu baada ya miezi 6 wanashindwa kujua kama nywele zimerudi nyuma au wanajisikia tu.
- Historia ya kichwa chako: dawa ya kunyoosha uliweka lini mara ya mwisho, rangi je, uliwahi kuungua, una mba, piko (ile michoro myeusi ya harusini) iliwahi kukutoa malengelenge? (piko nitairudia chini, usiiruke)
- Hela ya jumla. Ufundi, rasta, kuosha, kublo, kufumua za zamani, nauli ya kurudi usiku. Watu wanapiga hesabu ya ufundi peke yake.
- Muda. Rasta nyembamba za kufika mgongoni kwa msusi mmoja zinakula masaa 6 mpaka 8, usije saa 9 alasiri unategemea saa 12 uwe kwenye sendofu.
- Kitana chako na taulo lako. Hakuna msusi mwenye akili zake atakayekasirika.

Mtoto mchanga mwache nyumbani ukiweza. Kuna mvuke wa dawa, kuna ndoo ya maji ya moto sakafuni, na wewe umekaa huwezi hata kugeuza shingo.

Hatua 1: Tafuta vichwa, achana na mabango

Angalia watu. Kanisani, ofisini, kwenye daladala, foleni ya benki. Ukiona kichwa kimesukwa vizuri muulize kasuka wapi, sijawahi kuona mwanamke anayenuna kwa swali hilo. Lakini usiishie hapo, muulize na "umesuka lini?" Msuko wa jana haukwambii kitu, kila msuko wa jana ni mzuri. Tafuta msuko wa wiki 4 ambao bado umekaa na nywele za mbele bado zipo. Na ukiona ana roho nyeupe muulize ule usiku wa kwanza alilalaje. Akicheka na kusema alilala amekaa, msusi huyo muogope.

Picha za mtandaoni zina faida yake ila zina ujanja mwingi. Ukurasa wa Instagram wenye vichwa 300 na kila kimoja kina ukuta tofauti nyuma, hizo picha zimeokotwa. Wa kweli utaona kiti kile kile, vigae vile vile, pazia lile lile linajirudia. Tafuta video ambayo mtu anageuza kichwa, maana kwenye picha jeli na mwanga vinaficha kila kitu.

Hatua 2: Nenda ukachungulie, tena kwa kitu kidogo

Kosa namba moja la watu wapya ni kwenda saluni wasiyoijua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, au wiki ya Idd au Krismasi, kusuka msuko wa masaa 7. Siku hizo hata mimi siko mtu mzuri. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, omba kuoshwa na kublo tu, au kufumuliwa. Ni hela kidogo na mkono wa mtu unaujua kwenye kuchana: anaanzia nchani akipanda taratibu kuelekea kwenye shina, au anatia kitana kwenye shina na kuvuta kama anang'oa magugu? Anayevuta wakati wa kuchana atavuta zaidi wakati wa kusuka.

Ukiwa umekaa hapo tega sikio. Mteja akishalipa na kutoka mlangoni, sikiliza dakika 2 zinazofuata. Wakianza kumsema nguo zake, mume wake, hela aliyoomba kupunguziwa, basi ujue na wewe ukitoka ni zamu yako.

Hatua 3: Usafi, angalia vitu 4 tu

Vitana (vina nywele za mtu mwingine?), taulo (moja linazunguka vichwa vitatu?), sinki, na wembe kama unatumika. Kitana kinatakiwa kitolewe nywele, kioshwe kwa sabuni, afu kilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kupitisha pamba ya spiriti sekunde 2 juu ya kitana chenye nywele ni maigizo. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, hapo hakuna aibu.

Nasema hivi kwa sababu ya mapunye. Mapunye ni fangasi, yanapita kwenye kitana, mashine ya kunyolea, taulo, kofia, na yakimpata mtoto mmoja nyumbani utahangaika na wote. Na yakishaingia kichwani krimu ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kawaida inatakiwa dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Kwa hiyo hata unapompeleka mwanao kwa kinyozi uliza mashine inasafishwaje, akikujibu "iko poa tu mama" bila kukuonyesha, ondoka na mwanao.

Hatua 4: Mpe mtihani

Kaa kwenye kiti, muonyeshe ile picha, afu omba kitu ambacho unajua kichwa chako hakiwezi. Kwa mfano nywele zako za pembeni ni dhaifu, mwambie "nataka nyembamba kabisa, mpaka kiunoni, ubane na hivi vya mbele vyote". Sasa msikilize.

Wa kwanza atasema "inawezekana dada, kaa hapo" bila hata kukugusa kichwa. Simama.

Wa pili ataingiza vidole, atauliza dawa uliweka lini, atakwambia pembeni tuanze nene kidogo, au tuanze na nywele yako mwenyewe rasta iongezwe kidogo kidogo bila lile fundo la mwanzoni, au upumzike mwezi mmoja usuke mistari ya kawaida bila rasta. Ameacha hela mezani kwa ajili ya kichwa chako. Huyo ndo nilikuwa namsema.

Hatua 5: Bei YOTE kabla hujakaa

Mimi mwenyewe nimeshapigwa, tena nikiwa fundi tayari, nilienda saluni moja mtaa ambao sisemi kwa sababu nilitaka na mimi siku moja nisukwe kama binadamu. Tulikubaliana 25,000. Katikati ya kichwa naambiwa rasta hazitoshi, ongeza pakiti 2 za 3,500. Kuosha 5,000 "hiyo haikuwemo dada". Kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto na jeli 3,000. Nikalipa 40,000 nimekunja uso, na msuko ulikuwa mzuri kweli kweli, na sijarudi mpaka leo. Wangeniambia 40,000 tangu mwanzo ningelipa nikicheka.

Kwa hiyo uliza hivi: "Mpaka natoka mlangoni nalipa shilingi ngapi?" Swali moja. Afu uliza kama unaruhusiwa kuja na rasta zako, maana Kariakoo utazipata kwa bei nafuu kuliko za kwenye kabati la saluni, ila kuna saluni hawapendi au wanapandisha ufundi ukija nazo. Uliza kama kufumua kumo. Wakikujibu kwa WhatsApp afadhali zaidi, yameandikwa. Advansi toa kidogo tu, na utume kwa namba ambayo jina linalotokea unalijua.

Hatua 6: Siku ya kusuka, usilale mapema

Kwanza angalia nani anakusuka. Kuna mchezo ambao ni wa zamani sana, yule fundi uliyemfuata anakusukia mistari miwili ya mbele kwa mbwembwe, afu simu inaita, afu unashtukia binti aliyeanza juzi yuko kisogoni kwako. Wanafunzi lazima wajifunze, sote tulijifunza kwenye vichwa vya watu, ila uambiwe na bei ishuke. Ukitaka kuharakisha wasusi wawili ni sawa (pale Kenyatta Market Nairobi utakuta mtu mmoja kazungukwa na wasusi watatu), lakini mikono haikazi sawa, upande mmoja unaweza kulegea na mwingine ukakaza, kwa hiyo uwe unajisikia pande zote.

Kipimo changu cha kukaza ni hiki. Zikishasukwa rasta 3 za kwanza za mbele inua nyusi, afu fumba macho kwa nguvu, afu tazama juu na chini. Ngozi ikigoma kusogea, au ukiona kwenye kioo vijipele vimesimama kwenye kila shina kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, sema HAPO HAPO. Si baada ya masaa 6. Msusi anarudia rasta 3 kwa dakika 10, hawezi kurudia 120.

Na wale malaika, vile vinywele laini vya kwenye paji na mbele ya masikio, visikamatwe kabisa. Havina nguvu ya kubeba rasta. Msusi anayevikamata anataka picha itoke safi, gharama ni yako.

Nadharia nakupa hii tu: nywele ikivutwa siku nzima, wiki nzima, mwezi mzima, shina linavimba, linatoa vipele, nywele inatoka. Ukiacha mapema inaota tena. Ukiendelea miaka na miaka pale pale, shina linakufa panabaki pamenyooka kama kiganja na hapaoti tena kwa mafuta ya aina yoyote, hata yakiwa ya bei gani. Wale mabinti wanaopiga kichwa makofi kwenye daladala, pa pa pa, hawawashwi wote, wengine wanaumia na wanaona aibu kusema.

Kuchovya nchani: uliza maji yametoka jikoni saa ngapi, weka taulo begani na mgongoni, na aliyeshika ndoo asimame nyuma yako asiwe anaongea na mtu mlangoni. Nimeona mgongo wa mtu ulioungua kwa hiyo ndoo. Sitaelezea.

Hatua 7: Kama ni dawa au rangi, taratibu zinabadilika

Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Dawa ya kunyoosha nyingi zina sodiamu haidroksaidi, ile ile kostiki soda wanayotengenezea sabuni na kuzibulia masinki. Nyingine zimeandikwa hazina hiyo, zinatumia kalsiamu, na zenyewe zinaunguza vile vile. Kwa hiyo:

a) Usijikune wala usioshe kichwa siku moja kabla. Ukiwa na kidonda, ahirisha. Kama umefumua rasta leo, ahirisha pia, ngozi bado imechoka.

b) Kopo lifunguliwe mbele yako na tarehe uisome wewe. Kopo kubwa lisilo na lebo lililochotwa chotwa, kataa. Vipodozi Tanzania viko chini ya TBS tangu 2019 (zamani walikuwa TFDA), kwa hiyo lebo inayosomeka na tarehe si mapambo.

c) Ritachi (kurudia dawa) ni kwenye ndevu tu, yaani zile nywele zilizoota mpya. Nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kila wiki 8 mpaka 12 ndo kuna kitu cha kupaka. Wanaopaka mpaka nchani kila mwezi ndo wale nywele zinakatikia katikati afu wanasema wamelogwa na jirani.

d) Ikianza kuchoma, sema, ioshwe. Ile habari ya "vumilia ichome kidogo ndo inyooke" ni uongo uliosababisha makovu mengi mji huu. Kunyooka kunategemea muda ulioandikwa kwenye kopo.

e) Ile shampuu ya kuua dawa ipite zaidi ya mara moja. Zipo ambazo povu lake linakuwa na rangi ya pinki kama dawa bado ipo, hizo nazipenda kwa sababu mteja anaona mwenyewe.

f) Usiweke dawa na kusuka rasta siku hiyo hiyo. Hata kama una harusi. Hata kama msusi amesema haina shida.

Rangi: paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, subiri saa 48. Najua hakuna anayesubiri. Sasa hapa ndo piko inaingia. Sisi wa Pwani tunachorwa piko kwenye harusi, na wapo wanaotoka malengelenge mikononi wanasema "hina imenikataa". Hina haina kosa. Kwenye piko kuna kemikali inaitwa PPD, na hiyo hiyo ndo imo kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele. Mwili ukishaikataa mara moja, mara ya pili unaikataa kwa hasira zaidi, na kichwani maana yake uso kuvimba mpaka macho yafunge. Kwa hiyo kama piko iliwahi kukutoa malengelenge, mwambie msusi kabla hajafungua kopo, na rangi nyeusi ya hivyo usiiguse tena.

Hatua 8: Toa hukumu baada ya wiki 2, si siku ile

Siku ile kila mtu anapendeza. Baada ya siku 14 angalia: mistari imekaa? Mbele kuna vipele? Kuwashwa? Kuwashwa siku za mwanzo mara nyingi ni ile dawa iliyopakwa kwenye rasta kiwandani, safari ijayo loweka rasta kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, anika, ndo upeleke saluni.

Usikae nazo zaidi ya wiki 8. Na siku ya kufumua ukiona bonge la nywele usipige kelele. Binadamu anadondosha kama nywele 50 mpaka 100 kwa siku, zilikuwa zinadondoka kila siku ila zimeshikwa na rasta. Siku 56 mara 50 ni 2,800 hapo. Cha kukutisha ni kipara cha kuonekana au nywele fupi fupi zilizokatika, bonge si neno.

Ukiridhika, rudi. Na wewe uwe mteja wa maana, fika saa uliyosema, usipunguze bei kazi ikishaisha, na ukiumia mwambie yeye kabla hujaenda kuwaambia watu wa ofisini.

Sasa nyie wenye saluni

Najua mnasoma. Mnaniuliza sana "mbona wateja wanakuja mara moja hawarudi, nimeweka hadi tivii". Tivii haisuki.

1. Nunua kauntabuku. Jina, simu, tarehe ya dawa, pakiti ngapi za rasta, wapi kichwa kinauma. Mimi ninayo manne sasa. Kuna mama alikuja akakaa miezi 8 bila kurudi, aliporudi nikafungua daftari nikamwambia binti "nyuma ya sikio la kushoto usikaze, ana kovu". Yule mama hakusema kitu, alinitazama tu kwenye kioo. Mwezi uliofuata akaja na binti zake wawili. Hiyo daftari nilinunua 3,500.

2. Bei ubandike ukutani. Mteja akihisi bei inapangwa kwa kuangalia simu aliyoshika hatarudi, na hatakwambia kwa nini.

3. Sema muda wa kweli. Kama kuna watu 3 mbele yake, mwambie "njoo saa 8". Ukimwambia "njoo tu tutakufanyia haraka haraka" akakaa kwenye benchi mpaka Magharibi, umepata hela ya siku moja.

4. Kosa lako lirudie bure. Mimi natoa siku 7. Msuko ukifumuka au ukikaza, njoo. Wanaorudi ni wachache kuliko unavyoogopa.

5. Ofa ziwe za siku zilizolala. Punguza Jumatatu mpaka Jumatano, usipunguze mwisho wa mwezi wakati viti vimejaa. Kadi ya "ukija mara 5 ya 6 tunakuosha bure" inafanya kazi kwa sababu inampa mtu sababu ya kurudi, ila punguzo kubwa la siku ya kufungua linaleta watu wa punguzo, na jirani akifungua kesho na punguzo lake watamfuata huko huko.

6. Walipe wasusi wako vizuri na kwa wakati. Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo hamtaki kulisikia. Mteja ana namba ya msusi, hana namba yako. Uwe unakodisha kiti au unagawana kwa asilimia, ukimdhulumu msusi ataondoka Ijumaa na Jumamosi benchi lako litakuwa tupu. Nilivyoondoka kwenye kile kiti cha kukodi, sikumpigia mteja hata mmoja. Walinitafuta wenyewe.

7. Weka pazia. Wateja wanaovaa hijabu hawawezi kuvua mlangoni mbele ya bodaboda. Kona moja yenye pazia zito na utaratibu kwamba mwanaume hapiti, utashangaa Zanzibar na Dar hiyo kona inavyojaa.

8. Ujumbe mmoja baada ya siku 14. "Mama fulani, kichwa kinaendeleaje?" Basi. Usimtumie ofa kila asubuhi, atakubloku.

Na umeme ukikatika mwambie mteja ukweli kabla hajaloweshwa kichwa.

Ikienda vibaya

*Nimetoka saluni, usiku silali, kichwa kinagonga.* Usimeze panadoli ukasubiri izoee. Fumua zile za mbele na za pembeni usiku huo huo, hata ukionekana kituko kesho vaa kilemba. Afu mwambie msusi mapema, kama saluni yake inarudia kosa bure (mimi natoa siku 7) muda usikupite.

*Vipele vya mbele vina usaha.* Fumua, usitumbue, osha taratibu. Ukiona tezi zimevimba shingoni au homa nenda hospitali, hiyo si kazi ya msusi tena.

*Dawa imeniunguza.* Maji ya bomba mengi, dakika 20 au zaidi, ukiinamisha kichwa yasiingie machoni. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno. Malengelenge, kidonda, au imeingia jichoni: hospitali moja kwa moja.

*Mbele pameshaisha, nifanyeje?* Pumzisha, hakuna rasta, hakuna wigi la gundi, hakuna kubana kwa kukaza, miezi kadhaa. Afu muone daktari wa ngozi mapema kabla ya kununua mafuta ya miujiza. Muhimbili wapo, na ukiwa Kaskazini pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachojulikana Afrika nzima. Beba zile picha za kichwa chako nilizokwambia upige.

*Msusi wangu kahama mkoa.* Muulize alipokuwa hapo mjini yeye mwenyewe alikuwa anasukwa na nani. Wasusi tunajuana mikono. Jibu lake ni bora kuliko la mtu yeyote.

*Naipenda saluni ila msusi mmoja simtaki, na ndiye anayenikimbilia kila nikiingia.* Piga simu kwa mwenye saluni siku moja kabla, sema "kesho saa 4 niwekee fulani". Ukifika sema una miadi. Hakuna ugomvi.

*Nimetuma advansi simu haipokelewi.* Nenda mwenyewe, na zile meseji. Kama ni saluni ya mtandaoni tu haina mlango wa kugonga, hiyo hela isamehe na mwakani usirudie.

*Anasuka vizuri sana, hakazi, bei nzuri, ila anaongea bila kupumua.* Fumba macho ujifanye umelala. Wateja wangu wananifanyia hivyo, na najua kabisa hawajalala, mtu aliyelala shingo haimkai wima hivyo.